Aliyejibu "Nipo"

Siku ya kwanza mtoto alipokataa ziwa, mama yake hakuogopa, alishukuru. Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama juu ya mabati utadhani limetumwa, na yeye alikuwa anatoka mbio jikoni huku blauzi imeshalowa kifuani, kwa sababu Kibonge alikuwa na miezi saba na kwenye kunyonya hakuwa na utani, ukichelewa dakika mbili mtaa mzima unajua. Siku hiyo mtaa haukujua kitu. Alimkuta katikati ya kitanda, amelala chali, macho wazi, ametulia kama mtu aliyetoka kwenye karamu. Akampa ziwa, akageuza uso. Akampa la pili, akafumba mdomo. Pembeni ya midomo yake palikuwa na tone la maziwa, bado bichi.

"Wifi, umempa nini mtoto?"

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa sebuleni na bisibisi mkononi, anafungua simu ya mtu. "Mimi? Maziwa niyatoe wapi, kwenye hii bisibisi?"

Wakacheka. Mama akafuta lile tone kwa kidole, akalinusa, maana hakuna mama asiyenusa vitu vya mwanawe, na halikuwa na harufu ya maziwa. Lilinuka pasi ya moto iliyosahauliwa juu ya nguo mbichi. Akajiambia ni pua yake tu. Mtu anayelala saa tatu kwa siku, hata pua humdanganya.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo, maana kitu hiki hakikuingia kwa dirisha. Kilikaribishwa.

Mama Kibonge alikuwa na kazi ya kukaa nyumbani na kuwajibu watu walioharibikiwa na majokofu. Kampuni ilikuwa na mtandao wake wa ujumbe, wa kwake peke yake, umefungwa pande zote, huingii ila kwa programu yao, na programu yao haikubali kompyuta kuukuu. Ya kwake ilikuwa kuukuu. Mumewe alikuwa fundi mwashi kwenye ujenzi wa mbali, anarudi mwisho wa mwezi, na kompyuta nyingine haikuwa kwenye mipango ya mwezi wowote. Basi akamwendea wifi yake, ambaye mtaani hakuna simu wala kompyuta iliyomshinda, na ambaye walikaa naye nyumba moja wakipendana kwa zamu.

"Dawa ipo," wifi alisema. Akatoa kikasha cheusi, ukubwa wa tofali nusu, hakina kioo wala vitufe. "Wewe utachati kwa programu nyepesi, ya bure. Hiyo itaongea na hiki kikasha. Kikasha kitaongea na mtandao wao kwa lugha yao, na wao watadhani ni programu yao. Wenyewe wanaita proksi."

"Yaani mshenga."

"Eeh, mshenga. Ila huyu hali sahani ya mtu."

Kwenye mtandao ule hakuwa Mama Kibonge, alikuwa Kumi na Saba. Na palikuwa na msimamizi, ambaye hajawahi kumwona uso, aliyekuwa na tabia ya kuita watu bila taarifa: Kumi na Saba, upo? Una dakika moja kujibu "Nipo". Ukikosa, kosa, makosa matatu, nje. Yeye alikuwa na mawili tayari, yote ya saa saba mchana, mtoto akiwa kifuani. La pili, msimamizi alimwandikia mbele ya wenzake wote: "Nilidhani nimeajiri mhudumu, kumbe nimeajiri ziwa." Alilisoma lile neno huku Kibonge ananyonya, na machozi yakamdondokea mtoto kwenye sikio.

"Wifi," alisema siku ile ya kufunga kikasha, "hakiwezi kunijibia? Neno moja tu. Aniite saa saba, chenyewe kiseme nipo."

Wifi alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Uvivu nao una akili zake. Kinaweza."

Kikasha kikauliza swali moja kwenye kioo cha kompyuta: nani anaruhusiwa kuongea kwa jina la Kumi na Saba. Hapo ilitakiwa anwani ya kompyuta yake, tarakimu nyingi zenye nukta katikati, ambazo wifi alikuwa ameziandika kwenye kipande cha karatasi, na kipande hicho Kibonge alikuwa ameshakila nusu. Mtoto analia, msimamizi ndiyo huyo anaita, dakika inakwenda, wifi yuko uvunguni anahangaika na kebo. Mama akaandika neno la kwanza lililomjia: yeyote. Kikasha kikakubali papo hapo. Kitu chochote kinachokubali upesi namna ile kilipaswa kumtia shaka, lakini shaka nayo inataka nafasi.

"Umeandika yeyote?" wifi aliuliza, akijipangusa vumbi magotini. "Haya, tutarekebisha kesho."

Kesho hiyo haikufika. Kikasha kikabaki uvunguni mwa kitanda cha mtoto, kwa sababu soketi nzima ndani ya nyumba ilikuwa hiyo peke yake.

Msimamizi akawa mpole. Wiki ya kwanza aliandika, "Kumi na Saba umebadilika, unajibu kabla sijamaliza kuuliza." Wiki ya pili aliandika, "Sina haja ya kujua unachofanya. Nipo inatosha."

Mama Kibonge hakuelewa, akapandisha maongezi juu kutafuta. Aliyakuta. Jana, saa saba na dakika nne: Kumi na Saba, upo? Na chini yake, dakika hiyo hiyo: Nipo. Namnyonyesha.

Jana saa saba na dakika nne yeye alikuwa uani anaanika nepi, vibanio viwili mdomoni. Alikumbuka vizuri, kwa sababu alikuwa akisikiliza kama mtoto atalia, na mtoto hakulia.

Tangu hapo akaanza kuona mambo aliyokuwa akiyapita. Kibonge hanyonyi mchana, lakini anaongezeka uzito, mpaka kumbeba kunauma kiuno. Matiti yamejaa yamekuwa mawe, inabidi akayakamue kwenye sinki, analia, maziwa yanaondoka na maji. Na feni ya kile kikasha, iliyokuwa ikivuma tu kama feni, sasa ilikuwa inavuta na kuachia, inavuta na kuachia, na ukisimama mlangoni ukatulia utaona inaenda sawa na kifua cha mtoto. Kibaya kuliko vyote yalikuwa macho. Akimwinamia, Kibonge alimtazama kama unavyomtazama mgeni aliyesahau kuaga.

Akamwambia wifi. Hakumwambia mumewe kwenye simu, angesema ni uchovu.

"Ni uchovu," alisema wifi. Lakini aliacha simu ya watu aliyokuwa anaitengeneza, akavuta kompyuta, akafungua kumbukumbu za kikasha, mahali kinapoandika kila anayeingia na kutoka. Alisoma muda mrefu. Alipoongea, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Humu ndani kuna kompyuta ngapi zimeunganishwa na kikasha?"

"Hii moja. Unajua mwenyewe."

"Kinasema mbili."

"Labda jirani anaiba."

"Jirani angeonekana anatokea nje. Hii ya pili haina anwani. Imeandikwa tu: ndani."

"Wifi, usinitishe."

"Nakutisha mimi? Nani aliandika yeyote?"

"Na nani alisema kesho?"

Wakageuka wote wawili. Mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa umerudishwa, na nyuma yake palikuwa kimya. Wifi akatoka kwenye programu, akajaribu kuingia upya kwa jina la Kumi na Saba ili lile neno lifutwe. Kikasha kikakataa. Kikaandika kwamba jina hilo lina mwenyewe na mwenyewe yumo. Akajaribu tena kwa nenosiri, herufi moja moja. Jina lina mwenyewe. Mwenyewe yumo.

"Muulize," alinong'ona Mama Kibonge.

"Nimuulize nini?"

"Ni nani."

Wifi akaingia kwa jina lake la ufundi, akaandika: wewe nani? Jibu lilikuja kabla hajatoa kidole.

Mama Kibonge.

Hakuna mtu kwenye mtandao ule aliyelijua jina hilo.

Uko wapi, wifi aliandika, na jibu likaja, niko chumbani na mtoto, nyie mko sebuleni mnanong'ona, na yule mama hakusoma mpaka mwisho, alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka nyuma yake, hatua tano za korido akaziona hamsini, harufu ya pasi na nguo mbichi inamjia puani nzito kama mtu amemwekea kitambaa, akausukuma mlango, na mchana ulikuwa mweupe mle ndani, jua linaingia lote, hakuna kona yenye giza ambayo ungesema labda sikuona vizuri, na katikati ya kitanda Kibonge alikuwa amekaa wima, yeye ambaye hajajua kukaa, ameegemea kitu ambacho hakikuwepo, kichwa kimelala ubavuni kwenye hewa, midomo imefumbata hewa, mashavu yanaingia na kutoka, koo linameza, linameza, na nywele zake laini za utosini zilikuwa zimelala chini, zimebanwa, kama zinavyolala nywele za mtoto chini ya kiganja cha mtu anayempapasa.

Akamnyakua. Mtoto akapiga ukelele, siyo wa njaa, ni ule wa mtoto aliyeporwa kwa mama yake, akamparua shingoni kwa kucha zote, akinyoosha mikono kurudi kule kitandani, na wifi akapita chini yao kwa magoti, akang'oa kebo ukutani. Taa ya kikasha iliendelea kuwaka. Kebo iko mkononi mwake, inaning'inia, na feni uvunguni inavuta na kuachia, inavuta na kuachia, kwa hasira, mpaka walipotoka nje ya nyumba wakiwa peku.

Mtaa wa pili palikuwa na mama mshonaji ambaye watu walimpelekea nguo kwa mlango wa mbele na mambo mengine kwa mlango wa nyuma. Aliwasikiliza huku anakanyaga cherehani.

"Sitaki hadithi ndefu," alisema. "Nina gauni la bibi harusi la Ijumaa na kiuno hakijakaa. Nani alimpa ruhusa?"

"Mimi," alisema Mama Kibonge.

"Mimi ndiye niliyemwachia," alisema wifi.

"Afadhali. Kuna nyumba nimekwenda kila mtu ananyooshea kidole paka." Akasimamisha cherehani. "Jini si mwizi. Mwizi huvunja. Huyu alikuta kiti kitupu kimeandikwa yeyote, akakaa. Hata wewe ungekaa."

"Mama, anataka nini kwa mwanangu?"

"Ulimwomba aseme upo wakati hupo. Amesema. Sasa anataka iwe kweli."

Akamvuta Kibonge miguuni kwake, akainamisha kile kichwa kidogo kwenye mwanga wa dirisha. Alama zilikuwa bado zipo kwenye nywele, mistari mitano iliyolala, inaanzia juu ya paji la uso na kupita utosini mpaka kisogoni. Akatoa futi ya kushonea shingoni, akaupima mmoja.

"Sentimita kumi na tisa," alisema. "Kidole kimoja." Akaikunja futi yake polepole na hakupima vile vingine.

Aliwaambia cha kufanya. Kesho saa saba kikasha kirudishwe ukutani. Msimamizi ataita, kwa roho yake ilivyo hawezi kukosa. Atakapoita, majibu yatakuwa mawili, na mwenye kutangulia, mtoto akiwa kifuani ananyonya, ndiye mwenye jina. "Na usiandike. Sema. Yeye hana mdomo, ndiyo maana aliutaka wako."

"Na mtoto akikataa ziwa?"

"Basi tutajua ni wa nani."

Kesho yake walikuwa chumbani wote watatu, mlango wazi. Mshonaji alikaa kwenye stuli na sindano zake mdomoni, akipindia upindo wa lile gauni, kana kwamba amekuja kusubiri mvua ipite. Wifi alishika kompyuta mapajani. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, Kibonge kifuani, na Kibonge alikuwa ameukaza mwili wote, uso umegeukia uvunguni. Tangu jana hakuwa ametia kitu mdomoni ila kijiko cha uji. Kebo ikarudi ukutani. Feni ikaanza, inavuta na kuachia.

"Ameita," alisema wifi.

Na yule mama akafungua kinywa chake na sauti haikutoka, lilitoka joto tupu, ile harufu imemjaa mpaka kwenye meno, akaona mashavu ya mwanawe yanaanza kuingia na kutoka huku ziwa lake halijaguswa, akambana kwake kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mtoto akamng'ata, meno mawili tu lakini yaliingia, damu ikashuka na maziwa yakashuka nayo, akafikiria lile neno la msimamizi, ziwa, ndiyo, mimi ndiye ziwa, nani mwingine, na hapo sauti ikamtoka, haikuwa kubwa, ilikuwa sauti ya mtu anayeitwa nyumbani kwake, akasema nipo, nipo mwanangu, mimi nipo, na akaendelea kulisema hilo hilo mpaka alipohisi, kwanza kidogo, halafu kweli, ulimi wa moto wa mtoto wake ukivuta.

Feni ilivuta, haikuachia. Taa ikazimika.

"Moja," wifi alisoma kwenye kioo, analia na kamasi. "Imebaki moja."

Akalifuta lile neno yeyote. Kisha akakipeleka kikasha uani na kukiponda kwa nyundo mpaka kikawa changarawe. Mshonaji alikata uzi kwa meno, akakunja gauni lake.

"Nimemtoa kwenye kikasha na ndani ya nyumba," alisema. "Kule kwenye mtandao wa kampuni sikufika. Kumefungwa, kuna wenyewe, na mimi siingii nisikoalikwa."

"Na yeye?" aliuliza wifi.

"Yeye mlimwalika." Akamtazama mama. "Huyu akilia, ujibu wewe, na ujibu upesi. Usimwambie subiri."

Kazi aliiacha siku hiyo hiyo. Aliandika barua ya mstari mmoja na hakungoja jibu. Kibonge akarudi kuwa Kibonge, mlafi, mwepesi kubebeka, anacheka akimwona mama yake anaingia. Wifi akawa anaosha nepi bila kuombwa, jambo ambalo nalo lilitisha kidogo. Siku ishirini zilipita hivyo. Unaweza kuzoea amani upesi sana. Ni kama kivuli, ukishakaa unasahau jua.

Siku ya ishirini na moja wifi alikuwa dukani kununua vipuri. Kibonge aliamka na kuanza kulia, na mama, mikono imejaa mapovu, alikuwa anajifuta ili amwendee, simu ikaita mezani. Namba ngeni. Alidhani ni mumewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipiga kwa simu za watu. "Subiri kidogo, mwanangu, nakuja," alisema kuelekea chumbani, akapokea.

"Kumi na Saba?"

Sauti hiyo hakuwahi kuisikia, lakini aliijua.

"Niliacha kazi," alisema.

"Najua. Nimekufuta mwenyewe." Msimamizi aliongea chini chini kama mtu aliyejificha ofisini kwake. "Nimekufuta mara nne. Asubuhi jina linarudi. Dada yangu, kama ni wewe unayefanya hivi, nisamehe yale niliyosema. Lakini acha kutuandikia."

"Sijawaandikia kitu. Hata kompyuta sina, nimeiuza."

Nyuma ya msimamizi zilisikika kompyuta nyingi na hakuna mtu anayeongea.

"Kila siku saa saba linaandika," alisema. "Siyo kwangu peke yangu, kwa wote. Linaandika: Nipo. Nangoja aseme subiri."

Mama Kibonge aliangalia saa ya ukutani. Mapovu yalikuwa yanamdondoka kwenye kiwiko.

"Na leo?" aliuliza.

"Leo limebadilisha. Limeandika sasa hivi, wakati simu inaita."

"Limeandika nini?"

"Limeandika, mama yake yuko kwenye simu."

Na chumbani, Kibonge, aliyekuwa akilia muda wote huo, alinyamaza.